Chai Baridi ya Barafu, na Kipimo cha Utamu Wake

Leo tumechagua jambo dogo la nyumbani, nalo ni chai baridi yenye barafu: namna ya kuitengeneza, na hasa namna ya kuupima utamu wake. Huenda mtu atauliza, "Je, chai nayo ina historia?" Ina historia ndefu, na sehemu moja ya historia hiyo ilipita hapa hapa kwetu, kati ya Kilwa na mlango wa mto Ruvuma, nayo si tamu hata kidogo.

Twende kwanza Msimbati. Kijiji hiki kiko kusini mashariki ya mji wa Mtwara, juu ya rasi ya mchanga. Upande mmoja ni Bahari ya Hindi, upande wa pili ni ghuba ya Mnazi. Mwezi wa Novemba, kusi ikiisha na kaskazi haijashika nguvu, jua la adhuhuri huuchoma mchanga hata mtu asiweze kuukanyaga bila viatu. Mgeni akifika saa hiyo huangushiwa dafu, na sisi hatuna nia ya kushindana na dafu. Walakini dafu halipatikani kila siku, na mkwezi haitiki kila aitwapo. Siku hizo mwenye nyumba huinjika birika.

Siku tulipojaribu mara ya kwanza kuitia barafu chai yetu, tuliaibika. Tulichemsha chai, tukaiacha ipoe, tukatia vipande vya barafu, kisha, kwa kuwa tulikuwa tumesahau, tukatia sukari vijiko vinne katika kila bilauri na kukoroga haraka haraka. Mzee mmoja aliyekuwa mgeni wetu akanywa funda mbili tatu, akasema, "Wanangu, sukari mmeisahau." Akaendelea kunywa kwa adabu mpaka akafika chini ya bilauri. Akasema, "Loo! Kumbe mliikumbuka, tena yote." Sukari ilikuwa imelala chini kama mchanga wa pwani.

Kosa letu lilikuwa nini? Watu wengi hudhani kwamba maji baridi huikataa sukari. Sivyo. Maji yaliyo karibu na kuganda, lita moja, yaweza kuibeba sukari zaidi ya kilo moja na nusu. Shida ni kwamba huipokea polepole mno, na mnywaji hana saburi ya kungoja. Maji ya moto huiyeyusha sukari kufumba na kufumbua. Tena kuna jambo la pili, nalo ni la ulimi wenyewe: kitu kikiwa baridi sana, ulimi huuhisi utamu wake kidogo kuliko kilipokuwa cha moto. Chai ambayo ilikuwa tamu barabara katika kikombe cha moto huonekana dhaifu ikipoa, na barafu ikiyeyuka huidhoofisha zaidi. Ndiyo sababu chai baridi humvuta mtu atie sukari nyingi pasipo kujua. Tutarudi kwenye jambo hili, maana afya ya watu imo ndani yake.

Sasa tuvitazame vitu vitatu vilivyomo bilaurini: majani, sukari, na barafu. Kila kimoja kilitujia kwa njia yake, na kwa wakati wake.

Majani ya chai yalichelewa kufika pwani yetu; vikombe vilitangulia. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara vimeokotwa vigae vingi vya vyombo vya kaure kutoka Uchina, vya karne nyingi kabla ya mtu yeyote wa pwani kuonja chai. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alipopita pwani hii mwaka 1331 aliandika vyakula alivyokaribishwa Mogadishu: wali wa samli, ndizi, tangawizi mbichi, ndimu, maembe. Chai haimo. Hata jina lenyewe limesafiri mbali: Wachina husema "cha", Waajemi na Wahindi wakasema "chai", nasi tukalipokea kwao. Waingereza walipoanza kupanda chai yao wenyewe Assam katika Bara Hindi, na ile ya kwanza ikauzwa London mwaka 1839, ndipo majani haya yalipozidi kuenea katika bandari zote za bahari yetu.

Kupandwa kwake katika nchi zetu ni jambo la juzi tu. Mashamba ya Mulanje, Nyasaland, yaani Malawi ya leo, yalianza mwaka 1891. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, waliijaribu miche huko Amani katika milima ya Usambara na huko Rungwe mwanzoni mwa karne ya 20. Na katika miaka ya 1920, wakati wa Waingereza, mashamba ya biashara yakaanza kukua katika nyanda za juu za kusini. Hivyo jani la chai linywewalo Msimbati ni mtoto wa baridi na ukungu wa milimani, limeshuka kuja kunywewa mahali ambapo lenyewe lisingeota.

Sukari ndiyo yenye habari nzito.

Jina lake twalipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na asili yake ni lugha ya kale ya Bara Hindi. Muwa wenyewe watu wa pwani waliujua zamani. Waliutafuna, na kuukamua. Walakini sukari nyeupe ya chembe chembe ilihitaji vitu vikubwa: mashamba mapana, vinu, matangi ya kuchemshia, na zaidi ya yote mikono ya watu. Kazi ya kukata miwa juani na kulisha vinu usiku na mchana ilikuwa kazi ya kuua. Mahali pengi duniani wenye mashamba hawakupata watu wa kuifanya kwa hiari, basi wakawanunua.

Mashariki yetu, ng'ambo ya bahari, viko visiwa viwili ambavyo Wafaransa walivitwaa: Ile de France, ambacho leo ni Mauritius, na Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja mfanya biashara, jina lake Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa. Katika mkataba ule Sultani alikubali kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya reale 20 kila mtu. Wakati ule visiwa vile vilikuwa na mashamba ya kahawa na viungo pamoja na miwa. Baadaye, katika karne ya 19, miwa ikavimeza vyote. Kusini ya Ruvuma nako, bandari za Ibo na Msumbiji chini ya Wareno zilifanya biashara hiyo hiyo.

Tazameni ramani, enyi vijana. Kilwa iko kaskazini yetu, Ibo iko kusini yetu, na Msimbati iko katikati. Wamakua, Wamakonde, Wayao na watu wa Ziwa Nyasa waliteremshwa kwa miguu mpaka bandarini, wakatiwa majahazini, wengine wakafa njiani, na waliosalia wakaenda kukata miwa katika nchi ambayo hawakuijua hata jina. Waingereza waliitwaa Mauritius mwaka 1810, na mwaka 1822 Sayyid Said alitia mkono mkataba wa kukataza watumwa wasiuzwe kwa mataifa ya Kikristo. Hata hivyo magendo yaliendelea. Utumwa ulifutwa Mauritius mwaka 1835, na Réunion mwaka 1848. Baada ya hapo wenye mashamba waliwaleta vibarua kutoka Bara Hindi kwa mikataba ya miaka, na hali yao haikuwa njema. Hata leo katika visiwa hivyo viwili wako watu ambao babu wa babu zao walitoka katika nchi hii yetu ya Ruvuma.

Tumekaa juu ya habari hii makusudi. Mara nyingi watu husimuliwa habari za watumwa na pembe, watumwa na karafuu, lakini bakuli la sukari lipo mezani kila asubuhi na hakuna aliulizaye lilikotoka.

Wala si visiwani tu. Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu na Waswahili, na watumwa ndio walioyalima. Abushiri bin Salim, yule aliyeongoza vita juu ya Kampuni ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mwenye shamba la miwa huko Pangani. Vita ile ilifika mpaka kwetu, maana Lindi na Mikindani pia watu walisimama wakawafukuza maofisa wa Kampuni. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Disemba mwaka 1889. Kiwanda kikubwa cha sukari cha namna ya kisasa kilikuja baadaye sana: mwaka 1930 Wadenmaki waliunda kampuni ya mashamba huko Arusha Chini, karibu na Moshi, na baadaye mashamba ya Kilombero yakafuata. Walakini kuwa na viwanda si kuwa na sukari. Wenye umri wa kukumbuka mwanzo wa miaka ya 1980 wanajua foleni za maduka ya ushirika, na chai iliyonywewa kavu mpaka ulimi ukazoea. Twaona kwamba watu wale walijifunza jambo moja bila kupenda: ulimi huzoea.

Sasa barafu. Jina hili nalo ni la Kiajemi, na maana yake huko ni theluji. Hapa kwetu theluji ilikuwa juu ya milima mitatu tu, na watu wa pwani hawakuijua. Mwaka 1848 Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa mmisionari Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Akamwuliza kiongozi wake weupe ule ni nini. Yule hakuwa na jina lake. Akasema huenda ni baridi. Wenye elimu wa London walibisha kwa miaka mingi kwamba haiwezekani theluji kuwako karibu na ikweta. Kiongozi yule asiye na jina la kitu alikuwa karibu na kweli kuliko wao wenye majina yote.

Biashara ya barafu ilianza Marekani. Mwaka 1806 Frederic Tudor wa Boston alipakia merikebuni barafu iliyokatwa katika maziwa wakati wa kipupwe, akaipeleka kisiwa cha Martinique. Watu wakamcheka. Mwaka 1833 merikebu yake ilifika Calcutta baada ya safari ya miezi minne, ikiwa imepakia tani 180 hivi. Karibu tani 100 zilikuwa bado hazijayeyuka. Mwaka ule ule wa 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na wafanya biashara wa Salem, jirani ya Boston, wakatuletea kitambaa tulichokiita merikani. Baadaye, katikati ya karne ya 19 na kuendelea, watu waliunda mashine za kugandisha maji, na biashara ya barafu ya maziwani ikafa.

Ni huko huko Marekani chai ya barafu ilipopata sifa. Wengine husimulia kwamba ilibuniwa mwaka 1904 katika maonyesho makubwa ya mji wa St. Louis, ati kwa sababu jua lilikuwa kali na hakuna aliyetaka chai ya moto. Hadithi ni nzuri, lakini si kweli, maana Bibi Marion Cabell Tyree wa Virginia alikwisha kuichapa namna ya kuitengeneza katika kitabu chake cha upishi mwaka 1879. Kwa furaha yetu, bibi yule naye alitia sukari bilaurini pamoja na barafu. Basi hatukuwa wa kwanza kukosea.

Na barafu ya Msimbati? Hapa kuna jambo la ajabu. Mwaka 1982 ilivumbuliwa gesi chini ya ardhi ya ghuba ya Mnazi, chini ya nyayo za watu wa Msimbati. Ilikaa bure miaka mingi. Mwaka 2007 ilikuwa ikiendesha mitambo ya umeme Mtwara. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walisimama kulipinga bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam, wakitaka faida ibaki kwao, na damu ikamwagika. Mwaka 2015 bomba lile, la zaidi ya kilometa 500, lilikwisha. Leo mtu anayetia kipande cha barafu katika chai yake mjini Mtwara anatumia baridi iliyotengenezwa kwa moto uliotoka chini ya mchanga wa Msimbati. Mwenye kijiji ana haki ya kuuliza kama kipande chake nacho kipo.

Tumefika kwenye kazi yenyewe. Kwa watu wanne, chukueni maji nusu lita. Kama maji ya kisima chenu yana chumvi, kama yalivyo maji ya visima vingi vya pwani, tumieni maji ya mvua, kwa kuwa chumvi huiharibu chai kabisa. Yakichemka, tieni majani vijiko vinne vya chai. Kipimo hiki ni maradufu ya chai ya kawaida, maana barafu itaongeza maji. Funikeni dakika nne au tano, si zaidi, kisha chujeni. Msiyakamue majani, mkiyakamua, uchungu wote hutoka. Pendeni mkitia kipande cha tangawizi iliyopondwa au mchaichai pamoja na majani. Iacheni chai ipoe kidogo, halafu mimineni juu ya barafu ya nusu kilo hivi. Ikiingia barafuni ingali inatokota, mara nyingi huwa na ukungu kama maji ya mto. Haina madhara, lakini haipendezi. Maji ya ndimu kidogo huing'arisha.

Utamu usiwe ndani ya birika. Tengenezeni shira kando: kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji, motoni, mkikoroga mpaka maji yawe safi. Ipoze na kuitia katika chupa. Shira huchanganyika na chai baridi mara moja, wala hailali chini. Kijiko kimoja cha mezani cha shira hii kina sukari gramu 8 hivi, yaani sawa na vijiko viwili vya chai. Kila mtu ajitilie mwenyewe: kwanza kijiko kimoja, akoroge, aonje, angoje kidogo, aonje tena. Chai ikizidi utamu, msiongeze maji, maana mtapata maji matamu. Ongezeni chai kavu iliyo kali, au ndimu. Kwa hiyo yafaa kubakiza chai kidogo isiyotiwa kitu.

Tulisema kwamba afya imo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa nusu ya hiyo, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Hesabuni: bilauri moja ya vijiko vitatu vya shira imekwisha kuimaliza siku nzima, na asubuhi mtu alikunywa chai ya maziwa, na jioni kutakuwa na uji. Ugonjwa wa kisukari umekwisha kuingia vijijini. Mwenye kupenda utamu apunguze nusu kijiko kila juma; baada ya mwezi mmoja au miwili hatausikia upungufu, kama walivyozoea wale wa foleni.

Jambo la mwisho ni barafu yenyewe. Baridi haiui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Huvilaza tu, na barafu ikiyeyuka huamka. Chemsheni maji ya barafu kama mnavyochemsha ya kunywa, na chombo kiwe safi. Barafu ya kuhifadhia samaki ni ya samaki. Asiye na umeme asivunjike moyo: atie chai katika chupa iliyofungwa barabara, aizamishe ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, auweke mtungi kivulini mahali penye upepo. Mtungi hutoa jasho, na jasho likikauka huchukua joto. Chai haitakuwa baridi kama ya barafu, lakini wakati wa kusi itampendeza mtu aliyetoka baharini. Chai ya kulala, yaani ile iliyobaki nje tangu asubuhi, mwageni jioni. Shira iliyo katika chupa safi yenye kifuniko, ikikaa katika jokofu, hudumu majuma mawili au matatu.